Mke wa Bandani

Kiti kilikuwa na joto. Hilo ndilo lililoanza, na kama Ngendo angekuwa mtu wa kushtuka upesi, hadithi hii ingeishia hapo hapo nami ningekosa la kuwaambia. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Mweiga, baridi ya Aberdare inauma masikio, naye amepita bandani kuchukua ndoo ya kukamulia. Akaegemea mashine ya mumewe ili avae gambuti. Mkono ukatua kwenye kiti, akauondoa mbio. Halikuwa joto la kuunguza, la. Lilikuwa joto la mahali mtu alipoinuka sasa hivi. Na injini ya mashine yenyewe ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa vipande vipande ndani ya karai.

"Baba Lynn?" akaita.

Baba Lynn alikuwa anakoroma ndani ya nyumba, ndipo alipomwacha dakika mbili zilizopita. Ngendo akafyonza, akaenda kukamua.

Huyo Baba Lynn ni Theuri, na kazi yake ilikuwa kufufua zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watu wa Mweiga huziita kwadi. Alizinunua kuukuu, zimechoshwa na watalii na wachungaji wa mashamba makubwa ya Laikipia, akazileta nyumbani na kuzivua nguo zote katika banda lililokuwa la ndama. Alizipandisha juu, akazivika matairi manene yenye meno, akachomelea kichanja nyuma cha kubebea mitungi ya maziwa na magunia ya viazi. Masika yakiingia na njia za mashambani kugeuka uji, kwadi ya Theuri ilipita mahali ambapo magari ya wakubwa yalikaa kitako yakingoja trekta. Mikono ile! Hata Ngendo, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema mume wake angeweza kulifanya jembe lipumue.

Hii ya sasa ilitoka Nanyuki, kwa mjane aitwaye Khadra. Marehemu mumewe, Abdimajid, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na aliitumia kufuatia mbuzi na ngamia wake. Baada ya mazishi ilikaa miaka miwili chini ya turubai. Rangi yake nyekundu ilikuwa imefifia, na kiti chake cha ngozi kilikuwa laini ajabu kwa kitu kilicholala muda wote huo.

Tuseme wazi: Ngendo aliona wivu. Alikionea wivu kitu cha chuma, na alijua ni upuuzi, na kujua hakukumsaidia. Theuri alikuwa mwanamume wa "mm" na "sawa." Mezani unamwuliza habari ya siku, anakwambia "mm." Lakini bandani alizungumza. Siku moja Ngendo alimpelekea chai, akamsikia akimsimulia mtu jinsi babake alivyokufa, jinsi alivyomshika mkono mzee na ule mkono ukawa mwepesi. Miaka kumi na sita ya ndoa, na Ngendo hakuwahi kusikia neno la kifo kile. Akasukuma mlango. Theuri alikuwa peke yake, kitambaa mkononi, anasugua tangi la petroli. Kitambaa chenyewe kilikuwa taulo yake nzuri ya wageni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nani? Mimi? Si naongea tu."

"Na hiyo taulo yangu?"

"Ah, Mama Lynn, ngoja nimalizie hii kitu. Hii mashine iko na roho mzuri, unajua? Ukiishika inakusikia."

Halafu harufu. Sweta ya fundi hunuka petroli, grisi na jasho, na Ngendo alikuwa ameizoea hata akaipenda. Sasa ilinuka udi. Aliinusa mara tatu kwenye beseni kabla ya kuitia sabuni, akawaza Nanyuki, akawaza wajane wa Nanyuki wenye mitandio ya hariri, roho ikamchemka. Akapekua simu. Akakuta ujumbe wa bearingi, picha za kabureta, na mtu wa Kiriaini aliyeuliza kama kwadi inaweza kupanda mlima na magunia mawili ya chai. Hata kosa la kumgombeza hakupata, na hilo lilimkera zaidi.

Ndipo Ngendo alipofanya utani wake. Zamani nyanya yake alimsimulia kwamba katika boma la mababu, mke mkubwa ndiye aliyempokea mke mdogo. Alimpa uji kwa kibuyu chake mwenyewe, na akiisha kuupokea, basi, ni mke, hakuna wa kumwondoa isipokuwa yule aliyempokea. Jumamosi ile Theuri alikuwa amerudisha injini mahali pake na anajiandaa kuiwasha mara ya kwanza. Alikuwepo Wakonyo, jirani yao, aliyekuja kuazima ungo, na Moffat, mzee wa kukusanya maziwa. Ngendo akaingia na kibuyu cha uji, amejifunga leso kiunoni, sura imekauka kama yuko kanisani.

"Karibu nyumbani, mke mwenzangu," akaiambia mashine. "Mimi ndiye mkubwa, wewe ndiye mdogo. Mume ndiye huyu hapa, umeshamwona. Tutagawana, siku yangu, siku yako. Kunywa."

Wakonyo alicheka hadi akashika nguzo. Moffat alisema uii, huyu mama atatuua. Hata Theuri alicheka, kwa aibu. Ngendo akainamisha kibuyu juu ya tangi, uji ukamwagika, mwingi, mzito, ukateremka ubavuni mwa ile mashine, na haukufika chini. Ngendo peke yake ndiye aliyeona. Uji uliteremka hadi usawa wa kiti ukaisha, na sakafu ilikuwa kavu.

Kisha injini ikawaka. Theuri alikuwa hatua tatu mbali na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Waya zimegusana," Theuri akasema haraka. Wakonyo hakucheka tena. Alisahau hata ungo.

Kuanzia siku hiyo kulikuwa na zamu. Hakuna aliyezipanga, lakini zilikuwepo. Jumapili Theuri alikuwa wake: alikwenda naye kanisani, akala, akamwambia "mm." Jumatatu aliamka kabla yake, akaoga, akachana nywele, akaingia bandani, na hakurudi ndani hadi Jumanne asubuhi. Jumanne wake, Jumatano wa yule. Chakula alichompelekea siku isiyo yake kilibaki mlangoni hadi kuku wakakila. Theuri alikonda, mashavu yakabonyea, na alikuwa na furaha. Hiyo furaha ndiyo iliyomchoma Ngendo. Angalikuwa anateseka angalimhurumia.

Na alianza kuongea Kiswahili kingine. Huyu mtu wa "kiti yangu" na "hii kitu" alijigeuza kitandani siku ya Ngendo, amefumba macho, akasema kwa sauti laini ya mtangazaji wa redio, "Nisamehe, mpenzi, nimechelewa kwako." Mpenzi! Neno hilo halikuwahi kuingia katika nyumba ile isipokuwa kwa redio. Ngendo alilia kimya, na machozi yake yalikuwa ya hasira.

Mchungaji aliitwa. Aliomba kwa nguvu akiwa nje ya banda, akakohoa, akasema tuendelee kuomba, akaondoka bila kunywa chai.

Ngendo naye akaamua kuiba siku. Jumatano ya zamu ya mwenzake alimshika Theuri mkono kabla hajaoga, akamwambia binti yao Lynn ni mgonjwa shuleni, twende Nyeri. Uongo mtupu. Lynn alikuwa mzima, akashangaa kuwaona wazazi wake wote wawili katikati ya muhula. Waliporudi jioni walikuta gunia langoni. Ndani yake zilikuwa nguo za Ngendo, zote, hadi soksi, zimekunjwa vizuri kabisa kama anavyokunjiwa mke anayerudishwa kwao. Na matopeni kulikuwa na alama za matairi yenye meno, zimeizunguka nyumba, zikaizunguka tena na tena hadi zikachimba mfereji. Majirani hawakusikia injini.

Ijumaa, zamu ya yule, saa kumi alasiri, ukungu ulishuka. Ngendo alikwenda bandani kwa miguu mitupu ili asisikike, akaweka jicho kwenye ufa wa mbao, na alichokiona kwanza ni mumewe ameketi sakafuni ameegemeza kichwa kwenye kiti cha ile mashine, spana imemlalia mapajani, anatabasamu kwa mdomo na macho, na kiti hakina mtu lakini ngozi yake imebonyea na springi zinalia polepole kama mtu anayejikalisha vizuri, na nywele za Theuri zinagawanyika, upande huu, upande huu, zikichanwa na vidole visivyoonekana, naye anasema na kunyamaza, anasema na kunyamaza, na kila anaponyamaza kuna kicheko kidogo cha mwanamke kinachotoka chini ya tangi, na Ngendo, Mungu amsamehe, kabla ya kuogopa aliwaza kwamba yeye hajawahi kuchezea nywele za huyu mwanamume, kisha ngozi ya kiti ikainuka, springi zikanyamaza, na kitu kikaja upande wa pili wa ufa kikasimama jicho kwa jicho naye, kikampumulia pumzi moto ya udi.

"Leo si siku yako, dada," kikanong'ona.

Asubuhi yake Ngendo alikuwa Nanyuki.

Khadra alimpokea uani kwake, mwanamke mrefu mwenye macho yaliyochoka, akamsikiliza bila kumkatiza hadi alipofika kwenye kibuyu.

"Ulimpa uji?" Khadra akauliza. "Kwa mkono wako?"

"Nilikuwa nafanya mchezo tu, mama."

"Huyo jini alimpata mume wangu huko porini, amelala mchana chini ya mti karibu na ile mashine. Mimi sikumpa hata maji. Nilimwita Sheikh Hashi akamsomea."

"Akaondoka?"

"Kwa mume wangu aliondoka. Nilidhani ameondoka kabisa, ndiyo nikauza. Kumbe alirudi kwenye chuma chake."

"Basi niitie huyo sheikh. Nisaidie, mama, huyo ndiye mume niko naye."

Khadra alifungua mdomo, akaufunga. "Nitamwita," akasema.

Sheikh Hashi alifika Mweiga Jumapili, mzee mfupi, koti zito juu ya kanzu. Aliamuru mashine itolewe nje. Moffat na vijana wanne waliivuta kwa kamba, na kitu ambacho Theuri alikisukuma kwa mkono mmoja kilikataa kama kimemiminiwa zege, hadi sheikh alipoanza kusoma ndipo kikatoka hatua kwa hatua, matairi yakilia. Ubani ulifuka. Theuri alikuwa amekalishwa kwenye kigoda. Sheikh alisoma, akasoma, na Theuri akainua uso, na aliyetazama kwa macho yake hakuwa yeye.

"Nimemdhulumu nani?" ile sauti laini ikauliza. "Nilikaribishwa. Siku zake nilimwachia zote. Yeye ndiye aliyeniibia yangu."

"Nani alikukaribisha?"

Theuri alinyoosha kidole, na Ngendo akahisi watu wote uani wakimgeukia.

"Basi aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa," Sheikh Hashi akamwambia. "Sema, mama. Lakini fikiria kwanza unalosema."

Afikirie nini? "Toka!" Ngendo akapiga kelele. "Toka kwangu! Nilikuwa natania!"

"Mimi sikuwa natania," ile sauti ikajibu, na mara hii ilitetemeka. "Nitatoka. Sitamgusa, wala wewe sitakugusa. Ila alichonipa mume huyu kwa hiari yake ni changu, nitaenda nacho."

"Nenda nacho! Nenda na chochote!"

Sheikh alimfukuzia kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ng'ambo ya mto, mahali pasipo na mtu. Upepo ulivuka ua ukielekea huko, Theuri akaanguka. Jioni hiyo hiyo Moffat na vijana waliikata kwadi vipande kwa msumeno wa chuma, ikapimwa kama vyuma vikuukuu, ikaenda zake. Ngendo alifagia banda mwenyewe. Aliimba akifagia, wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu ili asikike hadi ng'ambo ya mto.

Siku tatu alikuwa mke wa pekee. Siku ya nne aligundua kwamba mumewe hajasema neno, hata "mm."

Theuri aliketi mlangoni anatazama banda tupu. Watu walileta kwadi zao, akazitazama kama hajui ni nini. Ngendo alimpa spana, ikamponyoka. Uji ulimtoka kando ya mdomo. Hospitalini Nyeri walimpima damu, wakampiga picha ya kichwa na kifua, wakasema ni mzima, ale vizuri. Wiki ya tatu mshipi wake ulihitaji tundu jipya, Ngendo akalitoboa kwa msumari. Wiki ya tano hakuhitaji mshipi, kwa sababu hakuinuka.

Ngendo alimpikia kila alichokipenda. Alimchana nywele. Alimweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu, akamwomba naye aseme, ya babake, ya chochote. Theuri alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Yeye alikuwa anajua kusikiza," akasema. Hayo ndiyo maneno pekee ya mwezi mzima, na yalikuwa ya yule.

Wivu wa zamani ulikuwa mchezo wa watoto ukiulinganisha na huu. Mke mwenza aliyepo unaweza kumkuta na kosa: amechelewa, ameunguza mboga, amezeeka. Huyu hayupo. Hana kosa hata moja.

Akarudi Nanyuki. Khadra alipomwona langoni hakumwuliza kitu, alitandika mkeka.

"Wako alikaa muda gani baada ya kusomewa?" Ngendo akauliza.

"Miezi mitatu."

"Na ulijua! Uliniona hapa, ukajua, ukanyamaza!"

"Ungenisikia? Mimi niliambiwa na mama mkwe wangu, sikusikia. Nilisema afadhali afe wangu kuliko aishi wetu." Khadra alikaza mtandio wake. "Akafa wangu. Nina heshima yangu, nina kitanda changu. Na kuna siku, dada, ningetoa hiki kitanda na nyumba yote ili nimsikie huko uani akicheka na yule."

Njia nzima ya kurudi Ngendo alibishana na nafsi yake. Alijiambia Mungu hapendi. Alijiambia watu watasema. Halafu akaacha kujidanganya, kwa maana si Mungu wala watu waliomzuia. Ni ile picha ya vidole visivyoonekana katika nywele za mume wake. Aliiangalia hiyo picha hadi akafika Mweiga. Hakupita nyumbani. Alivuka mto kwenye magogo, akapanda hadi machimboni.

Ilikuwa saa saba mchana na ukungu ulikuwa umekaa ndani ya shimo kama maziwa kwenye sufuria. Hapakuwa na ndege. Ngendo alisimama ukingoni, akasafisha koo.

"Ni mimi," akasema. "Mama Lynn. Nimekuja kukurudisha."

Ukungu haukusogea.

"Anakufa. Unasikia? Rudi. Zamu zako ziko. Sitaiba siku tena. Nitamwambia atengeneze nyingine, hata nzuri kuliko ile, kiti cha ngozi na kila kitu. Rudi tu." Akangoja, akakumbuka mbavu za Theuri chini ya blanketi, akapiga magoti kwenye changarawe, akalia kwa sauti, akaomba kama alivyokuwa hajawahi kumwomba mtu yeyote, akisema tafadhali, akisema dada, akisema nakupenda akimaanisha mume wake na asijue tena anamwambia nani, hadi ukungu ukaanza kupanda kutoka shimoni, ukamfika miguuni, ukamfika kifuani, nao ulikuwa na joto.

Udi. Pumzi ikamgusa shingo, nyuma ya sikio.

"Siku ile uliniita mdogo," ile sauti ikasema, kwa upole, bila hasira yoyote. "Nikakubali, kwa sababu wewe ndiye niliyekukuta, wewe ndiye uliyenipokea. Leo umenifuata kwa miguu yako na umepiga magoti. Nani mkubwa, dada?"

Ngendo alifumba macho. Aliliona lile jibu, na aliona kila kitu kilicho nyuma yake, chumba, kitanda, meza ya siku ya Krismasi.

"Wewe," akasema.

"Basi tangulia. Mimi nitalala ndani."

Akatangulia. Hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini kwenye magogo ya mto alisikia yakibonyea mara mbili, kwa hatua zake, na kwa hatua nyingine baada ya zake. Kizimbani mbwa alijikunyata asibweke. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Theuri alikuwa amesimama jikoni, amevaa shati safi, amekata mkate mwenyewe anautafuna kwa pupa, na rangi imemrudia usoni. Aliposikia mlango akainua kichwa, akatabasamu tabasamu ambalo Ngendo hakuwa ameliona tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na kwa dakika moja moyo wake uliruka, hadi alipoona kwamba macho ya mumewe yanapita juu ya bega lake.

Ngendo akasogea kando kidogo, akapisha.